Kazi ya Kulinda: Habari za Mwalimu Robert Saleh wa Marekani



Tulipokuwa Bukene, mji mdogo wa wilaya ya Nzega ulio kando ya reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, mzee mmoja alitushika mkono baada ya sala ya Alasiri, akatuvuta pembeni mwa msikiti. Alisema: "Ninaye kijana wangu, amemaliza masomo ya hesabu. Amepata nafasi ya ukarani wa hesabu mjini Nzega, na mshahara wake si haba. Lakini moyo wake uko uwanjani. Kila jioni huwafundisha watoto mpira, wala halipwi hata senti moja. Sasa aniambia, 'Baba, nataka kazi yangu iwe hii.' Nanyi ni watu wa kusoma na kuandika. Hebu niambieni: kufundisha mabeki nako ni kazi?"

Hatukumjibu siku ile. Tulikwenda kwanza uwanjani tukamtazame kijana mwenyewe. Tulimkuta amepanga mawe manne juu ya vumbi, na kila jiwe lina mtoto wake. Mtoto akivutwa na mpira akaliacha jiwe lake, kijana husimamisha mchezo, humrudisha mahali pake kwa upole, na kumwonyesha mlango alioufungua nyuma yake. Kwa saa nzima hatukumwona akimfundisha mtu kufunga goli. Jua lilipokuchwa na adhana ya Maghribi ikasikika, aliuokota mpira, akawaongoza watoto wote bombani kutawadha.

Usiku ule tulimkumbuka mtu mmoja wa nchi ya mbali sana, ambaye naye aliwahi kusimama mahali anaposimama kijana huyu leo. Alikuwa na shahada ya mambo ya fedha, alikuwa na kiti katika benki, na moyo wake ulikuwa uwanjani. Mtu huyo ni Robert Saleh, Mwislamu wa Marekani mwenye asili ya Lebanoni, ambaye maisha yake yote ya kazi yamekuwa ni kufundisha ulinzi katika mpira wa Kimarekani. Twaona yafaa habari zake zisomwe katika nyumba zetu, na wazee na vijana pamoja, kisha ndipo tumjibu mzee wetu wa Bukene.

MCHEZO WENYEWE

Mpira wa Kimarekani sio huu wetu wa miguu. Mpira wao una umbo la yai, nao hubebwa mikononi na kurushwa, na mara chache tu hupigwa kwa mguu. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani, na kati ya mstari wa mwisho wa huku na wa kule pana yadi 100. Upande wenye mpira hupewa nafasi 4 za kusonga mbele yadi 10. Wakifaulu, hupewa nafasi 4 nyingine. Wakishindwa, mpira huwa wa wenzao. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho ni pointi 6, na kuupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti ni pointi 3.

Jambo lililo geni zaidi kwetu ni kwamba katika mchezo huo washambuliaji ni watu mbali na walinzi ni watu mbali. Mpira ukibadili mikono, watu 11 hutoka na 11 wengine huingia. Kwa sababu hiyo kila timu ina mwalimu wa mashambulizi na mwalimu wa ulinzi, na juu yao yuko kocha mkuu. Mwalimu wa ulinzi hukaa wiki nzima akitazama picha za michezo ya wapinzani, ili ajue kwamba wakisimama hivi hukimbilia huku, na wakisimama vile hurusha kule. Kisha huwapangia walinzi wake kila mtu mahali pake. Siku ya mchezo, kabla ya kila nafasi, ana sekunde chache tu za kuchagua mpango wa kuwazuia. Akichagua vyema, hapana kinachotokea, na watazamaji hawashangilii sana. Akikosea, uwanja mzima wamjua.

Kazi ya namna hiyo si ngeni katika nchi yetu hii ya magharibi. Zamani za misafara, kirangozi alitangulia mbele na bendera, na watu wote walimwona. Lakini nyuma kabisa alitembea mnyapara, akiwaangalia waliochoka na mizigo iliyolegea, asipotee mtu wala kitu porini. Msafara uliofika salama ulimsifu kirangozi. Msafara uliopotewa na mali ulimwuliza mnyapara.

Tena wana wa Afrika Mashariki wamekwisha kuucheza mchezo huu, nao walikuwa upande wa ulinzi. Daniel Adongo wa Kenya, aliyekuwa mchezaji wa raga, alichukuliwa na klabu ya Indianapolis Colts mwaka 2013. Kabla yake alikuwako Mathias Kiwanuka, aliyezaliwa Marekani, naye ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Huyu aliingia New York Giants mwaka 2006. Novemba ya mwaka huo, timu yake ikiongoza 21 kwa 0 katika robo ya mwisho, yakaanza kugeuka. Kiwanuka alikuwa amekwisha kumkumbatia kiongozi wa mashambulizi wa Tennessee Titans, akamwachia kwa kuhofia kuadhibiwa na mwamuzi. Yule akaponyoka na mpira, na mwisho Titans wakashinda 24 kwa 21. Kiwanuka hakuvunjwa moyo na siku ile, akacheza katika klabu hiyo mpaka msimu wa 2014. Lakini kisa hicho chatosha kumwonyesha msomaji jinsi kazi ya kulinda inavyoharibika kwa kulegeza mkono mara moja.

MJI WA DEARBORN

Robert Saleh alizaliwa tarehe 31 Januari 1979 katika mji wa Dearborn, jimbo la Michigan. Mji huo ulikuzwa na viwanda vya magari vya Henry Ford, na Waarabu wengi, khasa watu wa Lebanoni, walihamia huko kutafuta riziki. Walipopata kazi walijenga nyumba, wakafungua maduka, wakajenga misikiti. Mwaka 2005 ulifunguliwa huko msikiti wa Islamic Center of America, ulio miongoni mwa misikiti mikubwa ya nchi ile.

Shule aliyosoma Saleh yaitwa Fordson, nayo ilifunguliwa mwaka 1928, yaani mwaka ule ule reli yetu ilipofika Mwanza kutoka Tabora. Wazee waliolima pamba huenda wakalikumbuka jina hilo, kwa kuwa ndilo lililoandikwa kwenye matrekta ya Ford yaliyouzwa nchi nyingi duniani. Hata timu ya mpira ya shule hiyo huitwa Matrekta. Wanafunzi wake walio wengi ni Waislamu. Katika miaka ambayo Ramadhani iliangukia mwezi wa Agosti, wakati timu zote za shule huanza mazoezi katika joto kali, waalimu wa Fordson waliyahamishia mazoezi usiku wa manane. Vijana walifuturu, walisali, kisha waliingia uwanjani chini ya taa, na daku waliila baada ya mazoezi. Mwaka 2011 ilitolewa filamu kuhusu timu hiyo na mfungo wake. Hapo mzazi Mwislamu aone kwamba saa ya mazoezi yaweza kusogezwa, na saumu ikabaki mahali pake.

KITI CHA BENKI

Saleh alimaliza Fordson mwaka 1997, akaenda chuo kikuu cha Northern Michigan, akacheza mpira huko na kusomea mambo ya fedha. Alipohitimu alipata kazi katika benki moja mjini Detroit, kazi ya kupima mikopo. Msomaji atauliza juu ya riba. Suala hilo lastahili makala yake peke yake, nasi hatumsingizii mtu nia ambayo yeye mwenyewe hakuitaja. Twasema tu kwamba alikuwa na kazi ya heshima, mshahara wa uhakika, na jamaa waliofurahi.

Tarehe 11 Septemba 2001, ndugu yake mkubwa alikuwa New York kwa mafunzo ya kazi, katika ghorofa ya 61 ya mnara wa kusini wa World Trade Center. Msiba wa siku ile waujua ulimwengu mzima, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo Waislamu pia. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu ndugu yake aliteremka ngazi akatoka hai. Jamaa walikaa saa nyingi bila ya kujua kama wamepotewa na mtoto wao au la.

Siku hizo zilimbadilisha Robert Saleh. Alijiuliza, kama umri wa mtu waweza kukatika asubuhi moja akiwa kazini, je, hii ndiyo kazi anayotaka kukutwa nayo? Mwaka 2002 aliacha benki, akaenda chuo kikuu cha Michigan State kuwa msaidizi wa waalimu wa mpira, daraja ya chini kabisa. Mwenye shahada na kiti chake akawa mtu wa kutumwa.

MIAKA KUMI NA MITANO

Hapa ndipo twawaomba vijana wasome polepole, kwa sababu wengi hutaka kujua tu siku mtu alipokuwa mkubwa, wala hawaulizi alikuwa wapi kabla yake. Kutoka Michigan State, Saleh alikwenda Central Michigan mwaka 2004, kisha Georgia, na mwaka 2005 akaingia klabu ya kulipwa ya Houston Texans kama mwanagenzi. Huko Houston, kuanzia mwaka 2006, alifanya kazi ya kukagua picha za michezo. Kazi hiyo ni kukaa katika chumba chenye giza, kuukata mchezo vipande vipande, na kuandika kila kipande: wapinzani walisimama vipi, zilibaki yadi ngapi, walifanya nini. Hapana gazeti linalomwandika mtu wa kazi hiyo. Aliifanya kwa misimu 3, kisha akawa msaidizi wa mwalimu wa walinzi wa kati.

Mwaka 2011 alihamia Seattle Seahawks, na huko akarudi tena kwenye kazi ile ile ya kukagua picha, baada ya kuwa amekwisha kuipita. Mwenye kiburi angekataa. Yeye aliifanya kwa misimu 3 mingine, chini ya waalimu waliokuwa wakijenga ulinzi mgumu kuliko wote wa wakati ule. Februari 2014 Seattle walichukua ubingwa wa Super Bowl kwa kuwafunga Denver Broncos 43 kwa 8. Mwaka huo huo akaenda Jacksonville Jaguars kuwafundisha walinzi wa kati. Mwaka 2017 San Francisco 49ers walimkabidhi ulinzi wote wa timu.

Hesabuni wenyewe, tangu 2002 mpaka 2017 ni miaka 15. Katika miaka hiyo hakuwahi kuwa na ulinzi ulio wake.

AIBU NA SIFA

Wala alipokabidhiwa hakupata sifa upesi. Mwaka 2018 San Francisco walishinda michezo 4 wakashindwa 12. Walinzi wake, kwa msimu mzima, waliudaka mpira uliorushwa na wapinzani mara 2 tu, na jumla ya mipira waliyowanyang'anya ilikuwa 7. Katika historia yote ya ligi ile ya NFL hapana timu iliyokuwa imepata pungufu ya hapo. Walikuwako watu waliotaka afukuzwe. Wakubwa wake walisubiri.

Msimu uliofuata, wa 2019, timu hiyo hiyo ilishinda michezo 13 ikashindwa 3. Katika ligi nzima, yenye klabu 32, hapana walinzi waliowabana warushaji wa mpira kama wao. Katika mchezo mmoja wa mtoano waliwaachia Minnesota Vikings yadi 147 tu kwa siku nzima. Wakafika fainali ya Super Bowl, tarehe 2 Februari 2020, kupambana na Kansas City Chiefs.

Katika robo ya mwisho San Francisco waliongoza 20 kwa 10. Zilikuwa zimebaki dakika 7 hivi, na Chiefs walikuwa wamekwama: nafasi yao ya tatu, na yadi 15 zikiwa bado. Mpira ukarushwa juu sana, ukamkuta mtu aliyeachwa peke yake, yadi 44. Kutoka hapo ukuta ulibomoka, na mchezo ukaisha 31 kwa 20. Kazi ya msimu mzima ikapotea katika dakika hizo.

Mwislamu asomapo habari kama hiyo hawezi kuacha kukumbuka Uhud. Hatulinganishi mchezo na jihadi ya Masahaba, hasha! Twachukua funzo tu. Katika mwaka wa 3 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, mkubwa wao Abdullah bin Jubair, akawaamuru wasiondoke mahali pao, jeshi likishinda au likishindwa. Walipoona adui akikimbia na nyara zimelala chini, wengi wao waliteremka. Khalid bin Walid, ambaye siku hizo alikuwa bado hajasilimu, alizunguka na farasi zake akapita pale pale palipoachwa wazi. Msiba wa siku ile haukutoka kwa upungufu wa ushujaa. Walioteremka walikuwa watu shujaa. Walidhani tu kwamba kazi ya kulinda imekwisha, nayo ilikuwa haijesha.

Na mwaka wa 5 ulipofika, makabila yalipokusanyika kuizingira Madina, aliyetoa shauri alikuwa Salman Farsi, mgeni kutoka nchi ya Waajemi. Alishauri lichimbwe handaki. Watu walichimba kwa njaa na baridi, na Mtume mwenyewe alichimba pamoja nao. Jeshi kubwa likaja, likalitazama handaki, na mwisho likarudi lilikotoka. Basi asiseme mtu kwamba kupanga ulinzi ni kazi ya waoga au ya wasioweza kushambulia. Yataka akili, na yataka mikono isiyochoka.

MKUU MWISLAMU WA KWANZA

Januari 2021 New York Jets walimchagua Robert Saleh kuwa kocha mkuu. Alikuwa Mwislamu wa kwanza kushika cheo hicho katika NFL. Katika nchi ambayo jina la Kiarabu lilitazamwa kwa shaka miaka mingi baada ya Septemba 2001, mtu ambaye ndugu yake aliponea chupuchupu katika msiba ule alikabidhiwa timu ya mji ule ule. Watu wa Dearborn walifurahi, na Waislamu wa nchi nyingine walifurahi pamoja nao.

Lakini furaha ya watu haishindi michezo. Msimu wa kwanza Jets walishinda 4 wakashindwa 13, na walifungwa pointi 504, ulinzi mbovu kuliko wote wa ligi. Saleh, mwalimu wa ulinzi, alikuwa na ulinzi wa mwisho! Hakuutupa mpango wake. Msimu wa 2022 pointi walizofungwa zilishuka zikawa 316, na ulinzi wao ukapanda mpaka wa nne. Hata hivyo timu ilikuwa dhaifu mbele: msimu huo walishinda 7 wakashindwa 10. Mwaka 2023 walimleta Aaron Rodgers, mrushaji mashuhuri sana, naye akaumia kano ya kisigino katika mchezo wa kwanza, baada ya nafasi 4 tu. Wakashinda 7 tena, wakashindwa 10 tena.

Tarehe 8 Oktoba 2024, msimu ukiwa na michezo 5 tu, Saleh alifukuzwa. Katika michezo 56 aliyoiongoza timu ile, alishinda 20 na kushindwa 36. Hizo ndizo hesabu, wala hatuzifichi kwa sababu ni ndugu yetu katika dini. Mpenda haki hamwongezei ndugu yake sifa asiyokuwa nayo. Twaongeza tu kwamba baada ya yeye kuondoka, katika michezo 12 iliyosalia, Jets walishinda 3.

Wako watu ambao wakiangushwa kutoka kwenye kiti cha juu huona haya kurudi kwenye kiti cha chini. Saleh, baba wa watoto 7, kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa Green Bay akiwasaidia wengine kwa ushauri. Mwaka 2025 alirudi San Francisco, kwenye kazi yake ya zamani ya kuongoza ulinzi. Walinzi wake wawili walio bora, Nick Bosa na Fred Warner, waliumia mapema katika msimu. Kwa watu waliobaki, timu ilishinda michezo 12 ikashindwa 5. Na Januari 2026, Tennessee Titans wakamchagua kuwa kocha mkuu mara ya pili.

MIZANI YETU

Sasa twapaswa kuuweka mchezo wenyewe katika mizani ya dini, maana si kila kinachosifiwa na watu ni chema chote.

Mpira wa Kimarekani hugonganisha vichwa. Daktari wa Kiafrika, Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, ndiye aliyefungua macho ya Wamarekani mwaka 2005, alipoandika juu ya ugonjwa aliouona katika ubongo wa mchezaji mmoja marehemu, Mike Webster. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba katika bongo 111 za wachezaji wa NFL zilizotolewa na jamaa zao zichunguzwe, 110 zilikuwa na ugonjwa huo wa kuharibika polepole. Ni kweli kwamba jamaa wengi walizitoa kwa sababu marehemu walikuwa wameonyesha dalili, basi hesabu hiyo si ya wachezaji wote. Lakini mwili ni amana, na mzazi Mwislamu yampasa ajue. Sheria za mchezo zimebadilishwa mara kadhaa ili kupunguza kugongana kichwa. Hatari haijesha.

La pili ni kamari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliyafungulia majimbo mlango wa kuhalalisha kamari ya michezo, na fedha nyingi sana zikaingia humo. Wala hatuna haja ya kuvuka bahari kuitafuta. Bukene na Nzega, Tabora na Mwanza, kijana asiye na kazi huweka shilingi zake katika kile wakiitacho mkeka, akingoja timu za Ulaya zimletee riziki. Twasema waziwazi: kumfundisha mtoto mahali pa kusimama uwanjani ni jambo moja, na kucheza kamari juu ya miguu ya watoto wa wenzako ni jambo jingine. La kwanza halina ubaya. La pili ni haramu, wala hapana "lakini" katika jambo hilo.

La tatu ni sala. Uwanja unaomsahaulisha kijana sala umekwisha kumdhulumu, hata akishinda kila siku. Hapo ndipo tuliposhukuru kwa tuliyoyaona Bukene, mpira ukiokotwa kwa sauti ya adhana.

JIBU LETU KWA MZEE WA BUKENE

Mzee wetu, uliuliza kama kufundisha mabeki ni kazi. Twakujibu kwamba ni kazi, nayo ni ya halali, kwa sharti mtu aifanye kama kazi, wala asiifanye kama kisingizio cha kuikimbia kazi nyingine.

Tazama alivyofanya Bwana Saleh. Hakuiacha shule ili acheze mpira, bali alihitimu kwanza. Hakuacha benki ili akae nyumbani kwa baba yake akingoja kuitwa. Aliondoka kwenda mahali pa kujifunza, akakubali daraja ya chini. Akaikaa daraja hiyo miaka mingi bila ya kunung'unika. Kijana wako amekwisha kuhitimu. Hilo la kwanza analo. La pili bado hajalifanya, na hapo ndipo pa kumbana.

Katika nchi yetu Shirikisho la Mpira wa Miguu, TFF, huendesha kozi za waalimu wa mpira, na vyeti vya CAF vina madaraja, kuanzia D kwenda juu. Mtu asiye na cheti atabaki kuwa mpenzi wa mpira, hata akiwa hodari vipi. Shauri letu ni hili. Mpe kijana miaka miwili, muda uliopimwa, mkiwa mmekubaliana mbele ya watu wazima wa ukoo. Katika muda huo asiwe mzigo juu yako: asubuhi aandike hesabu za wenye maduka na wanunuzi wa mpunga hapo Bukene, kwa kuwa elimu hiyo anayo, jioni awe na watoto wake uwanjani. Apate cheti cha kwanza, kisha atafute cha pili. Miaka miwili ikipita bila ya cheti wala hatua, arudi kwenye meza ya hesabu, wala asichekwe na mtu. Ikiwa amepanda daraja, basi wewe mzee usimwite mpotevu tena.

Nawe kijana, ambaye baba yako atakusomea haya, usidhani tumekupa ushindi. Kazi uliyoichagua, watu hawataiona ukiifanya vyema. Utafukuzwa siku moja kwa kosa lako, na siku nyingine kwa kosa la mwenzako, na utatakiwa urudi kukaa chini ya watu uliokuwa juu yao. Kama moyo wako haulikubali hilo, kwenda Nzega kesho ni bora kwako. Kama walikubali, anza kwa kumwomba baba yako radhi, maana hapana cheti kinachoshika mahali pa radhi ya mzazi.

Barua yenye maneno haya tumekwisha kuituma Bukene kwa mkono wa msafiri wa treni. Twamwomba Mwenyezi Mungu awatie vijana wetu bidii katika kazi za halali, awape wazazi wetu subira ya kuwasikiliza, na atujaalie sote kukaa mahali tulipowekwa mpaka kazi yetu iishe. Amin.